Mlinilea au Mmenilea

Mpira ukiisha, maneno huanza. Ndivyo ilivyokuwa Kitaura kila mwaka. Mchezo wa mwisho wa besiboli ukishachezwa na uwanja kufunikwa maturubali, wanaume wa mji walihamia kwenye hamamu ya mzee Shigezo Kuwabara, wakaoga, wakavaa nusu, wakalizunguka jiko la mafuta lililokuwa katikati ya chumba cha kubadilishia nguo. Hapo, kati ya birika lililotoa mvuke na viazi vitamu vilivyobanikwa juu ya jiko, walicheza upya msimu mzima kwa midomo. Wenyewe waliiita ligi ya jiko. Katika ligi hiyo timu yao, Korongo wa Kitaura, haikuwahi kufungwa.

Mwaka huo ligi ya jiko ilikuwa na hoja moja tu. Kohei Senba, mdakaji wao, jezi namba ishirini na saba, alikuwa ametimiza miaka yake ya utumishi na kujitangaza huru. Mchezaji akijitangaza huru, klabu yoyote ina ruhusa ya kumposa, na klabu tajiri ya Tokyo ilikuwa imeshatuma washenga. Gazeti la michezo la Jumatatu lilisema anakwenda. La Jumanne likasema anabaki. La Jumatano lilimpiga picha akitoka sokoni na gunia la vitunguu, na mwandishi akajaza safu nzima akieleza kwamba mtu anayenunua vitunguu vingi namna ile hana mpango wa kuhama kabla ya masika.

Kuwabara aliyasoma yote matatu, hakusadiki hata moja, na Alhamisi akanunua tena.

Wengine walitaka Senba abaki kwa sababu ya ushindi. Kuwabara alikuwa na sababu yake, na hakuwahi kumwambia mtu.

Katika besiboli kila mchezaji hupata zamu ya kupiga, na Kitaura kila mpigaji ana wimbo wake. Akishika gongo na kuingia uwanjani, jukwaa zima la kulia husimama, ngoma hulia, tarumbeta huanza, na watu humwimbia mpaka apige au atolewe. Tarumbeta ya kwanza ilikuwa ya Kuwabara, na wimbo wa Senba aliutunga yeye. Watu walimsifu kwa hilo naye aliipokea sifa kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepokea mzigo wa jirani. Maneno yalikuwa yake kweli. Mahadhi hayakuwa yake. Mahadhi alimwibia mkewe.

Hamamu ile, kama hamamu zote za zamani, ilikuwa nusu mbili, ya wanaume na ya wanawake, na ukuta wa kati haukufika darini. Mume na mke wakija kuoga, aliyemaliza kwanza humwita mwenziwe juu ya ukuta, "Natoka!", na mwenziwe hujibu, "Haya," ili watoke pamoja, asiwepo wa kumngoja mwingine kwenye baridi. Adhuhuri, kabla ya kufungua milango, Kuwabara alisugua vigae vya upande wa wanaume, na mkewe Mitsue akasugua vya wanawake, na kila siku juu ya ukuta ule kulipita wimbo usio na maneno. Mitsue aliuimba puani bila kujijua. Ukimuuliza, alikushangaa: "Mimi? Nimeimba nini?" Ulikuwa wimbo unaopanda mara mbili, na pale sikio linapotegemea upande mara ya tatu, unashuka, kama mtu aliyekuwa akipanda ngazi akakumbuka kaacha sufuria motoni.

Jukwaa halikuweza kushuka. Kuwabara aliwafundisha, akawabembeleza, akawakaripia. Watu elfu nyingi wenye bia kichwani wakifika pale pa tatu hupanda tu. Kwa muda alishikilia kushuka peke yake na tarumbeta yake, lakini tarumbeta moja mbele ya jukwaa zima ni jogoo anayewika kwenye mvua. Akakubali kupanda nao.

Mitsue alifariki wimbo huo ukiwa bado mpya. Tangu hapo Kuwabara alisugua pande zote mbili mwenyewe, na upande wa wanawake ulikuwa na sauti ya brashi tu. Wimbo wa mkewe akawa anausikia mahali pamoja duniani, jukwaa la kulia, na kosa lake mwishoni, kila Senba aliposhika gongo. Na sheria ya jukwaa ilikuwa inajulikana: mchezaji akihama, wimbo wake hufungwa. Hauimbwi tena wala hapewi mwingine.

*

Senba alikuja kuoga siku chache baada ya kujitangaza. Alikuja mapema, kabla ya mlango kufunguliwa, akapitia uani kama alivyokuwa akifanya enzi zile alipokuwa kijana mwembamba wa bweni la klabu, nyuma ya hamamu. Enzi hizo vijana wa bweni waliruhusiwa kuingia kabla ya watu, wamelowa jasho la mazoezi ya asubuhi. Wengi walikuja mara moja moja. Senba alikuja kila siku, akakaa majini mpaka akawa mwekundu kama kaa.

Siku hiyo alioga, akanywa chupa yake ya maziwa ya kahawa amesimama, mkono mmoja kiunoni, akavaa. Kuwabara alikuwa nyuma akitia kuni tanurini. Senba akachungulia, akainama sana, akasema neno lake la kuaga, kisha akatoka upesi hata mlango haukufunga vizuri.

Jioni Kuwabara aliwasimulia wenzake, na hapo ndipo balaa lilipoanza.

"Alisema nini hasa?" aliuliza mwalimu Dohi. Alikuwa mwalimu wa lugha aliyestaafu, amejifunga taulo na kuvaa miwani iliyojaa mvuke.

"Alisema, 'Mzee, kwa miaka yote hii mlinilea vizuri.' Au, 'mmenilea.'"

"Lipi kati ya hayo?"

"Tanuri lilikuwa linanguruma."

"Tanuri!" Dohi alivua miwani. "Mzee Kuwabara, hili si jambo la kusema 'au'. 'Mlinilea' ni jambo lililokwisha, limefungwa, limetiwa kamba, liko stesheni linangoja treni. 'Mmenilea' bado li moto. Mtoto anayesema 'mmenilea' bado yumo nyumbani, anasubiri chakula."

"Huyu naye," alisema Hirukawa, "amestaafu lakini chaki haijamtoka."

Hirukawa alikuwa dereva wa teksi na kiongozi wa jukwaa la kulia, mtu wa ngoma kubwa na sauti kubwa kuliko ngoma. Alimgeukia Tsuneko, dada wa marehemu Mitsue, aliyekaa kwenye kiti kirefu cha mlangoni akipokea wateja wa pande zote mbili.

"Shemeji Tsuneko! Wewe ulikuwepo. Alisemaje?"

"Mimi nilikuwa nakunja taulo," alijibu Tsuneko bila kuinua uso. "Taulo hazina nyakati."

"Lakini masikio unayo."

"Ninayo, na yamechoka. Wazee wazima mmekaa uchi mnapima silabi. Mngekuwa mnasikiliza wake zenu namna hii, kila mmoja angekuwa anakula chakula cha moto."

Walicheka, hata Dohi. Kisha Hirukawa akaenda kugusa kabati namba ishirini na saba, la Senba, kama alivyokuwa na ada ya kuligusa kila jioni kwa kutafuta bahati. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko kawaida.

"Mzee," aliita, "ufunguo uko wapi?"

Ufunguo haukuwepo. Funguo za makabati yale zilikuwa na mpira wa kuvaa mkononi, lakini Senba, kwa kuwa mdakaji hapendi kitu kumgusa mkono, siku zote aliuvaa kifundoni mwa mguu. Kila mwenye hamamu anaijua ajali hiyo: mtu huvaa soksi juu ya ufunguo, akaenda nao nyumbani, na kesho yake akaurudisha akiwa na aibu ya mtoto aliyekojoa kitandani.

"Ameondoka nao!" Hirukawa akapiga paja. "Basi yamekwisha. Mtu anayehama hachukui ufunguo wa nyumba. Anabaki huyo!"

"Mwizi huchukua," alisema Tsuneko.

"Shemeji, mbona unatutia baridi?"

"Baridi iko nje, wala si mimi niliyeileta. Funga huo mlango."

*

Kesho yake Senba hakuja. Wala siku iliyofuata. Hamamu ikagawanyika vyama viwili, chama cha ufunguo na chama cha mlinilea, na watu ambao hawakuwahi kugombana hata kwa mpaka wa bustani wakawa hawapeani chenza. Chama cha ufunguo kilisema anangoja tu kutia saini ndipo aurudishe kwa furaha. Chama cha mlinilea, Dohi kiongozi wake kwa huzuni kubwa, kilisema mtu mwenye mawazo mazito husahau hata kichwa chake, sembuse kifundo.

Kuwabara hakujiunga na chama. Alikuwa na ufunguo wa akiba lakini hakuutoa. Kabati lilikaa limefungwa katikati ya mengine yaliyokuwa yakifunguka na kufungwa, na kila asubuhi alilifuta mlango kwa kitambaa chenye siki. Akawa mtu wa kutazama vifundo. Mlango ukisukumwa, macho yake yalishuka chini kabla ya kuona uso wa aliyeingia, na wateja wakaanza kujichunguza soksi.

Usiku alijaribu kuirudisha ile sauti. *Mli. Mme.* Alipolala ubavu wa kulia ilikuwa hii, akigeuka ikawa ile. Alitamani tanuri lingekuwa na adabu ya kunyamaza nukta moja tu. Wakati mwingine, akiwa katika kuwaza huko, alijikuta hawazii tena kauli ya Senba bali anajaribu kumkumbuka Mitsue, na kitu kilimtisha: masikioni mwake wimbo ule ulikuwa ukipanda. Pale pa tatu ulipanda, kwa sauti ya jukwaa. Alijua ulipaswa kushuka, kama unavyojua jina la mtu lilianza na herufi gani, lakini kuusikia ukishuka hakuweza tena.

*

Habari ilikuja mchana wa theluji nzito, kwenye televisheni ndogo iliyokuwa juu ya mizani. Senba alikuwa amevaa suti nyeusi, amekaa nyuma ya vipaza sauti vingi. Alitaja klabu ya Tokyo. Kisha akasimama, akainama mpaka utosi wake ukajaza kioo, akasema, "Watu wa Kitaura, mlinilea vizuri."

Safari hii hapakuwa na tanuri. Kila mtu alisikia.

Mwalimu Dohi hakusema "nilisema". Alinyoosha mkono akazima televisheni, akarudi kukaa, akawa anamenya chenza asilile. Hirukawa alivua kofia yake ya Korongo, akaiangalia, akairudisha kichwani kwa sababu kulikuwa na baridi.

"Wa Tokyo watamtungia wimbo wa ovyo," alisema. "Wale wana ngoma za kukodi."

"Mzee," Hirukawa akaendelea, sasa kwa sauti ya chini ambayo hakuna aliyejua kama anayo, "unajua sheria. Mimi kama kiongozi lazima niseme. Wimbo umefungwa."

"Ninajua," alisema Kuwabara. "Tuliitunga sheria pamoja." Akasimama kwenda kutia kuni, ingawa tanuri lilikuwa limejaa.

*

Siku fupi kuliko zote za mwaka, hamamu za Kitaura hutia malimau majini, mazima mazima, yaelee, na harufu yake huwafuata watu mpaka vitandani. Adhuhuri ya siku hiyo Kuwabara alikuwa akiyamimina upande wa wanaume aliposikia hodi uani.

"Hatujafungua!"

"Najua, mzee. Shikamoo."

Kuwabara aliacha malimau, akaenda kufungua. "Marahaba."

Senba alisimama kwenye mlango wa nyuma, theluji mabegani. Hakuwa na suti. Alifungua kitambaa safi kilichokunjwa na kumpa ufunguo kwa mikono miwili.

"Ulikuwa ndani ya soksi. Niliuona nimeshafika nyumbani."

"Na miguu ilivunjika ukashindwa kuurudisha?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi nakuuma?"

"Niliogopa kuja, kwa sababu ya nililosema hapa siku ile."

Kuwabara aliuweka ufunguo mfukoni. Alikuwa ameapa kwamba mtu huyu akija atampokea kama mteja yeyote, kwa heshima na bila neno la ziada. Lakini kiapo kilikuwa cha usiku na hii ilikuwa adhuhuri.

"Ulisema nini? Mji mzima umegombana. Hirukawa na mwalimu Dohi hawakugawana kiazi mpaka juzi. Ulisema mlinilea au mmenilea?"

Senba alijikuna shingo, ile shingo nene ya mdakaji.

"Nilikusudia kusema 'mmenilea'. Siku ile nilikuja kuoga tu, niwaze vizuri, na majini nikakata shauri nabaki. Kabisa. Hata maziwa nilikunywa kwa furaha. Nikachungulia kukuaga, mdomo ukasema 'mlinilea'." Akapangusa theluji begani. "Nikajisikia mwenyewe. Nikashtuka kama nimesemewa na mtu mwingine. Ndiyo maana nilitoka mbio. Njia nzima najiuliza, nani amesema vile? Kumbe nilikuwa nimeshaondoka, mzee, ila mimi peke yangu ndiye sikupewa taarifa."

Kuwabara alimtazama. Basi ilikuwa ni hapa, mbele ya tanuri lake, na yeye ndiye shahidi pekee, na alikuwa ameshika kuni. Alitaka kumwambia: unajua umeondoka na nini? Maneno yalifika mpaka kwenye meno. Lakini kijana alikuwa anatetemeka, na nywele zake zimelowa theluji, na ni nani huanza kumweleza mtu habari za mkewe aliyekufa mlangoni kwenye baridi?

"Maji yameshika moto," alisema. "Malimau yamo. Ingia uoge."

"Watu wakinikuta?"

"Hatujafungua. Nani akukute? Vua viatu, unanichafulia sakafu."

Alimwacha, akachukua ndoo na brashi, akazunguka kwenda upande wa wanawake, maana vigae havijui kwamba mtu ana huzuni. Alipiga magoti akaanza na pembe ya mbali, kama Mitsue alivyokuwa akianza. Ng'ambo ya ukuta alisikia maji yakimwagwa mgongoni, kisha ule mlio mzito wa mwili mkubwa unaoingia majini, kisha kimya. Brashi yake ikaenda, ikarudi.

Labda ni mlio wa brashi uliomkumbusha kijana. Labda hakujua kama anaimba. Juu ya ukuta kulipita wimbo, puani, bila maneno. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, ule alioimbiwa miaka yote, na Kuwabara akakaza taya kungoja kosa. Wimbo ukapanda. Ukapanda tena.

Pale pa tatu, ukashuka.

Brashi ilisimama. Kuwabara alidhani masikio yamemfanyia huruma. Kijana akarudia tangu mwanzo, polepole, kwa sauti nzito iliyokwaruza, na pale pa tatu ukashuka tena, taratibu, kama mtu aliyekumbuka sufuria motoni.

Jukwaani usingeweza kuusikia hivyo, wala hakuna redio iliyowahi kuupiga hivyo. Kuujua wimbo ule namna ile, ilikubidi uwe umekaa ndani ya maji yale, saa ileile, kabla ya milango kufunguliwa, katika miaka ambayo mwanamke mmoja alikuwa akisugua vigae ng'ambo. Kijana wa bweni alikuwa amekaa pale kila siku mpaka akawa mwekundu kama kaa, na Kuwabara, miaka yote hiyo, alidhani anapenda maji ya moto.

Tsuneko alikuwa amefika kazini. Alisimama mlangoni na rundo la taulo kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Kuwabara amjue hakuwa na mzaha.

"Shemeji," alinong'ona, "nani huyo?"

"Mteja," alisema Kuwabara.

Hakusimama. Aliogopa magoti yakilia yataufunika wimbo. Ng'ambo, wimbo uliisha, maji yakayumba, limau moja likagonga ukingo. Kisha sauti ikaruka juu ya ukuta, ya mtu aliyelelewa humo na kuzijua ada zake.

"Mzee! Natoka!"

Kuwabara alifuta uso kwa mkono uliolowa, jambo lisilosaidia.

"Haya," alijibu.